Tupeane uzoefu: ile filamu ya vikaragosi na mama wa treni ya usiku, ilikugusa wapi?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Wadau, habari zenu. Nawaulizia walioitazama Madame Tutli-Putli, filamu fupi ya Kanada ya mwaka 2007. Ni ya dakika kama 17, na hakuna mtu anayefungua kinywa kusema lolote. Mwanamke yuko kituoni amezungukwa na mizigo ya maisha yake yote. Anapanda treni ya usiku, na kuanzia hapo mambo yanageuka ndoto. Waigizaji wote ni vikaragosi vilivyosogezwa kidogo kidogo huku vikipigwa picha moja baada ya nyingine.

Niliirusha ukutani hapa dukani jioni moja, majirani wakajaa. Vijana walicheka mwanzoni, halafu wakanyamaza kabisa. Mama mmoja muuza samaki alitoka nje, akarudi, akakaa mlangoni. Jirani mwingine alishika kichwa akasema haya ni mambo ya kishetani. Filamu ilipoisha kila mmoja alikuwa na hadithi yake, na hakuna mbili zilizofanana.

Mimi yalinishika macho ya yule mama. Uso ni wa sanamu, nywele ni za kubandika, lakini macho yana maji, yanakwepa, yanaogopa. Nililala nikiyaona.

Sasa nanyi tuambieni: uliitazama na nani, na ni wapi hasa palipokugusa? Tafadhali msiishie kwa "ni kali" au "ni ya ajabu".

Mwalimu wa Njoro

Niliwaonyesha wanafunzi wa chama cha maigizo, kidato cha tatu. Kwao kikaragosi ni kitu cha kuchekesha, na si ajabu: tangu kipindi cha televisheni cha XYZ Show kianze mwaka 2009, Mkenya amezoea vikaragosi vya wanasiasa, na kicheko hakichelewi. Kwa hiyo walikaa wakisubiri mzaha. Kwenye filamu, wanaume wawili wanacheza chesi juu, kwenye sehemu ya mizigo ya behewa. Treni ikitikisika, vipande vinahama vyenyewe na mchezo unaendelea vivyo hivyo. Darasa likaangua kicheko.

Kisha treni ikasimama gizani. Sijaona darasa langu likitulia vile hata wakati wa mtihani. Baadaye tulibishana kipindi kizima. Wavulana walitaka kujua wezi ni akina nani. Wasichana walikuwa wameganda kwa yule abiria anayemfanyia mama ishara chafu, na kila mmoja alikuwa na kisa chake cha matatu. Niliacha somo nililopanga, nikawasikiliza.

Mjukuu wa Muhoroni

Mimi niliitazama na nyanya, kwenye simu, tumeegemea mto mmoja. Hakuuliza maana yoyote. Ule moshi ulipoingia behewani, abiria wakalala, wanaume wakaingia kimya kuwaibia viungo vya mwili, nyanya alisema papo hapo, "Hao ni kachinja." Akaanza kunisimulia alivyokatazwa utotoni kutembea barabarani magharibi, maana kulikuwa na watu wanaokuzimisha na kukunyonya damu, na gari lao lilipita usiku. Watu wa pwani wanawaita mumiani. Katika miji ya mkoloni lawama ilikuwa kwa wazimamoto. Watu wa Montreal waliotengeneza filamu hii sidhani waliwahi kumsikia kachinja, lakini nyanya yangu aliwatambua watu wao mara moja. Kwake filamu haikuwa ya ajabu hata kidogo. Ilikuwa habari.

Nesi wa zamu ya usiku, Kakamega

Mjukuu, mwambie nyanya hayuko peke yake. Nafanya kazi karibu na chumba cha upasuaji, na kila wiki nakutana na mgonjwa anayeogopa kulazwa usingizi kuliko anavyokiogopa kisu. Swali ni moja: "Sista, nikilala, nani ataniangalia?" Ile sehemu ya moshi niliisimamisha, nikapika chai, ndipo nikaendelea. Kinachouma si wizi. Ni zile shingo zilizolegea, na yule mama kuamka akijikuta peke yake miongoni mwao.

Nimeirudia baada ya wiki. Safari ya pili nilimwangalia mama tu, wezi sikuwajali. Jaribuni hivyo, inakuwa filamu nyingine.

Kijana wa Kaptembwa, Nakuru

Fundi, kuhusu macho: si ya kikaragosi. Ni ya mwigizaji halisi, mwanamke mwenye uhai. Kwanza kikaragosi kilipigwa picha kikiwa kimekamilika kila kitu isipokuwa macho. Halafu mwigizaji akafuata miondoko ile ile ya kichwa mbele ya kamera, kwa mwanga unaolingana, na macho yake yakapandikizwa kwenye uso wa kikaragosi kwa kompyuta. Aliyebuni njia hiyo ni mchoraji Jason Walker. Waongozaji ni Chris Lavis na Maciek Szczerbowski. Ilifika hadi kuteuliwa kwa tuzo ya filamu ya Oscar.

Sasa piga hesabu. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Hata ukisogeza kikaragosi mara 12 tu kwa sekunde, dakika 17 ni zaidi ya miondoko 12,000. Mimi najaribu kwa simu, na kikaragosi cha waya na sifongo. Kumtembeza si kazi kubwa. Kazi ni kumfanya asimame tu akiwa hai: bega lipande kidogo kama anapumua, kidole kihame nusu milimita. Ukilisogeza bega kupita kiasi anaonekana ana kwikwi. Usiposogeza, amekufa. Mara ya kwanza bega la kikaragosi changu lilipopumua, nilimwita mama kutoka jikoni aje aone.

Mstaafu wa reli, Nakuru

Wanangu, mimi si mtu wa filamu. Binti yangu alinionyesha kwa sababu ya treni. Reli yetu ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, kituo kikiitwa Port Florence, na nimeipita njia hiyo usiku zaidi ya ninavyoweza kusema: Molo, Mau Summit, Londiani, Fort Ternan, kisha unaanza kusikia joto la Muhoroni. Abiria walipanda na mizigo kama ya yule mama kabisa. Magodoro, cherehani, kuku, kabati la marehemu baba. Ukimwambia apunguze, analia.

Waliotengeneza wanajua treni. Mwili wa abiria kwenye behewa haukai, unayumba na kurudi kwa kuchelewa kidogo, na vikaragosi vyao vinayumba hivyo. Na treni ikisimama usiku porini, kimya kile kina uzito. Watu huamka kwa sababu ya kimya. Nilishika mkono wa kiti changu.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Mzee, asante sana. Yule mama wa samaki nilimuuliza kwa nini alitoka. Akaniambia alihamishwa na mizigo yote barabarani mwaka 2008, na hakutaka kuona mtu amekalia vitu vyake tena. Lakini alirudi, akataka kujua kama yule mwanamke alifika.

Na hapo ndipo tunapogombana hapa mtaani. Mwishoni mama wa treni anamfuata nondo, yule mdudu wa usiku anayefanana na kipepeo, hadi kwenye mwanga: amekufa au ameokoka? Mimi nasema ameokoka.

Mwalimu wa viziwi, Mumias

Naongeza. Kwa kuwa hakuna mazungumzo, niliwaonyesha wanafunzi wangu, na kwa mara ya kwanza hawakuhitaji nimfasirie mtu chochote. Waliona mambo niliyoyapita: jinsi anavyoshika mikono yake mwenyewe, jinsi macho yanavyotangulia kichwa kugeuka. Mmoja aliigiza safari nzima mbele ya wenzake bila kuruka tukio. Kuhusu mwisho, Fundi, darasa liligawanyika kama mtaa wako. Waliosema amekufa walionyesha mwanga. Waliosema yuko hai walionyesha kwamba mizigo ameiacha kwenye treni, mikono yake mitupu, na wakawauliza wenzao: maiti ana haja gani ya kuacha mizigo?