Naomba ushauri: "security" kwenye chakula niitafsiri vipi?

Habari zenu ndugu zangu. Natafsiri kijitabu cha wakulima wa ushirika, na neno moja la Kiingereza limenikwamisha, leo siku ya tatu: "security".

Nilianza na "usalama", maana ndilo tulilolizoea: Usalama wa Taifa, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Hata mlinzi wa getini tunamwita sekyuriti. Kufika ukurasa wa mikopo, neno hilohilo ni dhamana, yaani shamba au nyumba unayoweka benki. Wingi wake kwa Kiingereza, "securities", ni hisa na hatifungani, ndiyo maana tuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kwenye pensheni linageuka hifadhi, kama katika jina la NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii.

Hayo nimeyamudu. Kinachonitesa ni chakula. Wapo wanaoandika "usalama wa chakula" wakimaanisha watu kupata chakula cha kutosha mwaka mzima. Lakini mkulima akisoma hivyo atawaza sumukuvu kwenye mahindi, yaani chakula kisimdhuru mlaji, na kijitabu kina sura za mambo yote mawili! Mimi naegemea "uhakika wa chakula" kwa la kwanza, "usalama" ubaki kwa la pili. Mhariri wangu anataka neno moja kitabu kizima, anaogopa msomaji atachanganyikiwa. Naona hapo ndipo atakapochanganyikiwa hasa.

Wenye uzoefu wa tafsiri au kilimo, wakulima wa kwenu wanalielewaje "uhakika wa chakula"? Na mhariri nimpe hoja gani? Nakabidhi kazi Ijumaa.