Kniepertjes zinanasa kwenye chuma, wageni wanakuja tarehe 31. Naombeni ushauri

Mwali_Ughaibuni: Wakuu habari zenu. Nimeolewa Drenthe, Uholanzi. Huku mwaka ukiisha watu huchoma kniepertjes, biskuti nyembamba za unga, siagi, sukari, mayai na mdalasini, zinabanwa kwa chuma cha mikono mirefu juu ya moto. Mwaka huu ni zamu yangu. Kila donge linanasa, linatoka vipande vipande. Kosa ni moto au unga?

Mkaa_Mkavu: Moto. Ngoja makaa mekundu, usichomee kwenye ndimi za moto. Donge lisizidi ndimu changa.

Shemeji_Mtu: Kwani huko hakuna mawifi? Dada yangu aliolewa Muscat, miaka miwili hakugusa jiko bila mama mkwe kumwelekeza. Heshima kwanza.

Mwanatanga: Chuma ni kipya? Umekiosha?

Mwali_Ughaibuni: Cha zamani. Ni cha bibi yake mume wangu, kina herufi za jina lake. Kilikuwa cheusi tii, nikakisugua kwa stiliwaya na sabuni mpaka kikang'aa. Mama mkwe hajui. Lakini ningewalishaje watu kwa chuma kichafu? Na nimeshanunua cha umeme. Nitachomea jikoni, nje niwashe kuni waone moshi.

Mwanatanga: Dada, ule haukuwa uchafu. Ni mafuta yaliyoungua yakashikana na chuma, ndiyo yanayozuia kunasa. Marehemu mama kikaango chake cha vitumbua alikifuta kwa kitambaa tu. Nilikisugua siku moja, nikala fimbo, na vitumbua vikanasa mwezi mzima. Kipake mafuta kidogo sana, kichome mpaka moshi ukatike, kipoe. Rudia mara nne, tano.

Nongwa_255: Hii chai. Desemba ya Uholanzi nani achome kuni nje? Mimi niko Amsterdam, wenzangu kazini hawazijui hizo. Weka picha.

Mkaa_Mkavu: Amsterdam si Drenthe. Ni za kaskazini mashariki, Groningen na Overijssel pia. Kabla ya mwaka mpya huliwa zikiwa bapa, maana mwaka umeshakunjuka wote. Mwaka ukiingia huviringishwa zingali za moto, zikatiwa krimu, kwa kuwa yaliyomo ndani bado ni siri.

Nongwa_255: Hayo yako intaneti. Picha iko wapi?

Mwali_Ughaibuni: Siweki picha, herufi za bibi zitajulikana. Nimeshachoma mafuta mara tatu. Moja imetoka nzima, imekatika ukingoni tu. Cha umeme nakirudisha dukani kesho. Mama mkwe sijamwambia, nangoja itoke nyingine nzima.