Methali ya Kilugbara inatosha kuwa nywila ya ufunguo wangu?

karani_arua:
Wakubwa shikamooni. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya mashahidi wa kesi za mashamba huku West Nile na kuyatuma kwa wakili Kampala. Yeye anataka barua pepe zisimbwe (zifichwe zisisomeke na mwingine) kwa PGP, mfumo wa funguo mbili, basi nimeshatengeneza jozi ya funguo kwa programu ya Kleopatra. Ufunguo wa wazi, wa kusimbia barua zinazokuja kwangu, ninao tayari kumpa. Wa siri, wa kuzifungua, uko kwenye laptopu ya ofisi, nayo inashikwa na kila mtu. Nywila ya kuulinda huo wa siri nataka iwe methali aliyoipenda babu, kwa Kilugbara. Mdukuzi wa ng'ambo ataijulia wapi? Halafu meneja anasema nywila iandikwe kwenye daftari la ofisi, nisije nikaugua kazi ikakwama. Mnaonaje?

fundi_wa_bombo:
Mwanangu, marahaba. Achana na mdukuzi wa ng'ambo. Anayetaka kujua nani ametoa ushahidi ni yule anayedai shamba, au kijana aliyelipwa abebe hiyo laptopu usiku. Huyo Kilugbara amenyonya kwa mama yake, na methali za babu yako amezisikia matangani tangu utotoni. Hata wa mbali, programu za kubahatisha nywila hulishwa kila maandishi yaliyoko mtandaoni, vitabu vya dini na misemo ikiwemo.

Chagua kwa dadu. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitoa njia iitwayo Diceware: orodha ya maneno 7,776, unarusha dadu mara tano, namba zinazotokea zinakuonyesha neno lako. Maneno sita yanatoa michanganyiko ambayo idadi yake ina tarakimu 24. Mtu anaweza kuwa na orodha yenyewe mkononi na bado hajapata kitu. Dadu za ludo pale stendi ya boda zinatosha kabisa (waombe tu kabla mchezo haujapamba moto). Ukipenda Kilugbara chako, andika orodha ya maneno 1,296, urushe mara nne kwa kila neno, na uchukue maneno manane badala ya sita. Ila usibadilishe neno eti halikupendezi. Ukianza kuchagua wewe, dadu ilikuwa ya nini?

Yaandike kwenye karatasi, kaa nayo mfukoni mpaka vidole vizoee, kisha uifungie nyumbani. Daftari la ofisi hapana! Meneja atengeneze ufunguo wake. Barua moja inaweza kusimbwa kwa funguo za wazi za watu kadhaa, kwa hiyo wakili akisimba kwa wako na wa meneja, kila mmoja ataifungua kwa nywila yake. Wewe ukilala hospitali, kazi inaendelea.

hajati_m:
Fundi amemaliza la nywila. Mimi naongeza cheti cha kubatilisha, yaani faili la kutangaza kwamba ufunguo wako usitumike tena. GnuPG, programu inayofanya kazi chini ya Kleopatra, hukitengeneza yenyewe na kukiweka kwenye folda ya openpgp-revocs.d. Kichapishe, au kiweke kwenye flashi isiyokaa na laptopu. Laptopu ikiibwa, unafuta alama ya nukta mbili (:) iliyowekwa mbele ya mstari wa kwanza wa cheti, unakiingiza, kisha unawapelekea wenzako ufunguo uliobatilishwa ili wasiutumie tena. Lakini barua za zamani mwizi bado atazisoma akiipata nywila; kubatilisha hakuzifuti.

Na kichwa cha barua, ndugu yangu! Mara nyingi hakisimbwi. Usiandike pale "Ushahidi wa Mzee Fulani".

karani_arua:
Asanteni sana. Wakili atajuaje ufunguo nitakaomtumia ni wangu kweli?

fundi_wa_bombo:
Mpigie kwa namba unayoijua tangu zamani, msomee alama ya ufunguo (fingerprint), yaani herufi na tarakimu 40 zinazoutambulisha. Yeye afuatilie kwenye skrini yake, naye akusomee ya kwake. Zote 40, si nane za mwisho, maana ufunguo bandia wenye mwisho unaofanana hutengenezeka.

karani_arua:
Tumesomeana, zimelingana. Meneja naye kakubali kuwa na wake. Dadu zimenipa "mbuzi" mara mbili. Nirushe upya?

fundi_wa_bombo:
Waache mbuzi wote wawili.