Nimeuziwa dodoki kwa jina la marimo, kisha nikapewa hongera za uzazi

Ndugu zangu wa Arusha, yule muuza samaki wa mapambo mnamjua, nami sitamtaja, kwa kuwa hata mkifumba macho mtafika dukani kwake kwa kufuata harufu ya matangi. Leo mchana, mbele ya wateja watatu na mtoto wa shule, ameniambia: "Hongera, mama, mpira wako umezaa."

Mpira wenyewe aliniuzia kwa shilingi 30,000, akiapa kuwa ni marimo, yaani mpira wa mwani wa kupambia tangi la samaki. Marimo ni mwani mtupu kuanzia kiini hadi nje, haina mizizi wala jiwe, na hukua takribani milimita 5 tu kwa mwaka. Zile za Ziwa Akan, Japani, zinalindwa kisheria tangu mwaka 1921. Wangu uliota ndevu za shibiri nzima kwa wiki nne, zikatambaa juu ya mawe hadi zikaziba mdomo wa chujio. Nilipoukamua, nikakuta dodoki la njano lililozungushiwa uzi wa cherehani. Nikamwekea mezani likichuruzika, naye, badala ya kuona haya, akasema umezaa. Umezaa!

Kambale wa Sakina: Pole sana, mama. Je, mzazi alipikiwa mtori?

Njiro Kwetu: Mimi nauliza jinsi mtu anavyoweza kulibadilishia dodoki maji mwezi mzima bila kulishuku.

Bi Chujio: Afadhali wewe umepata wa kijani. Mimi aliniuzia mmea wenye manyoya meusi kwenye kingo za majani, akasema ndiyo rangi yake ya asili. Nilichovya jani moja kwenye spiriti, manyoya yakageuka mekundu, nikajua ni ule mwani mwekundu ung'ang'aniao kama kupe.

Mzee wa Kijenge: Taa yako inawaka saa ngapi kwa siku? Ikikesha, hata maji ya mvua yataota ndevu.

Mwenye uzi: Mzee wangu, taa haishoni dodoki. Amesema umezaa, mbele ya mtoto!

Kambale wa Sakina: Tangi langu lina utando wa kijani-buluu unaobanduka kama utando wa maziwa, nao unanuka.

Bi Chujio: Huo ni bakteria, ndugu yangu, wala si mwani.

Njiro Kwetu: Unanuka kama udongo au kama samaki aliyeoza? Nauliza kwa sababu langu limeanza tangu jana.