Ajenda ni "KUVUTIA VIJANA", kijana pekee ukumbini katumwa SUKARI!

Wakuu, nimetoka mkutanoni sasa hivi, nipo kwenye daladala na mikono inatetemeka.

Mnamjua. Yule mzee wa chama cha historia ya reli anayevaa filimbi ya gadi shingoni utadhani kuna treni inamsubiri. Simtaji, mnamjua.

Ajenda namba tatu imeandikwa ubaoni kwa chaki: KUVUTIA VIJANA. Ukumbini wazee kumi na tisa, kijana mmoja, mimi, miaka 24. Nimekuja na flashi. Nimeskani picha 212 za njia ya Tanga, Korogwe, Mombo hadi Moshi, miezi minne, bando langu. Nikasimama nikaanza na Mount Gelai, ile injini ya mvuke aina ya Garratt, namba 5918, iliyopo makumbusho ya reli Nairobi. Tani 252! Nikasema, hii tuwapelekee watoto wa shule, mlima Gelai uko kwetu, injini iko kwa jirani, mtoto gani hatauliza imefikaje huko? Sijamaliza, akapuliza filimbi. FILIMBI wakuu! "Kijana, hebu waletee wazee chai. Na sukari usisahau."

Sukari! Maandishi yako nyuma ya kisogo chake, KUVUTIA VIJANA, na kijana mwenyewe katumwa sukari. Narudi, flashi imewekewa sahani ya vitumbua juu.

Mzee ananiambia eti sikuwepo enzi za ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani iliyoendesha reli. Sawa, ilivunjika 1977, sikuwepo. Mjerumani alipoanza kujenga reli ya Tanga 1893, yeye alikuwepo?

Taruma Bovu: Mkuu, jibu moja tu. Chai ulipeleka?

Mleta mada: Nilipeleka, nimelelewa. Hoja siyo chai! Mtu mzima napulizwa FILIMBI!

Taruma Bovu: Kapeleka 😂😂 Na sukari je?

Binti Korogwe: Mzee huyohuyo! Mimi nilitamka SGR tu, ile reli mpya ya umeme, akaniambia "ile siyo reli, ni nyaya za umeme." Sikurudi tena.

Mjukuu wa Dereva: Dogo, punguza moto. Babu yangu aliendesha treni Tabora–Kigoma, tumemzika na kila kitu kichwani, hakuna aliyekaa naye hata jioni moja. Beba hiyo chai, kaa chini, washa rekoda.

Mleta mada: Nikirekodi nitapata sauti gani zaidi ya filimbi?

Kinanda Kimya: Afadhali wewe umeshika flashi. Kwaya yetu mwalimu ana miaka 71, kinanda kakifunga kwa kufuli. Kufuli la geti! Vijana wote tumeishia kupanga viti.

Binti Korogwe: Kupanga viti ni cheo. Kwenye kikoba chetu mimi ni katibu na sijawahi kuliona daftari.

Taruma Bovu: Daftari analo nani?

Binti Korogwe: Mama mwenyekiti, analilalia. Mnamjua.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye mada. SUKARI!

Kinanda Kimya: Na funguo ya kufuli la kinanda anatembea nayo mke wa mwalimu, kwenye pindo la khanga. Juzi msibani tumeimba bila kinanda, sauti ya tatu ikapotea kabisa.

Taruma Bovu: Huo msiba nilikuwepo. Kumbe ilikuwa sauti ya tatu? Nilidhani jenereta.