Kikomo cha kumbukumbu kwa makontena mapya: kuacha wazi, kufunga au kubana?

fundi_seva
Wadau, nina seva yenye gigabaiti 32 za kumbukumbu na makontena (programu zilizotengwa kila moja katika chumba chake) yapatayo 20, nami nataka kikomo kitakachotumika kwa kila kontena jipya ambalo mwenyewe hakulitajia chake. Docker, programu inayoyaendesha, haiweki kikomo chochote usipoiagiza. Je, niache hivyo, niweke megabaiti 512 zisizovukwa, au kuna njia ya katikati?

zamu_ya_usiku
Usiache wazi. Kumbukumbu ya seva ikiisha, keneli (kiini cha Linux) hutafuta mchakato wa kuua katika mashine nzima, na mara nyingi huangukia ule uliobeba kumbukumbu nyingi kuliko yote, si lazima ule ulioleta balaa. Kwangu iliuawa hifadhidata isiyo na kosa, ilhali makontena yaliyokuwa yakivuja yalikuwa madogo madogo ya kupunguza picha. Kikomo kikiwapo, kontena lenye kosa hufa peke yake na kuacha namba 137, alama ya kuuawa, nawe unajua pa kuanzia kutafuta.

mzee_wa_openvz
Nakubaliana na mwenzangu, ila kabla ya kuchagua namba, jiulize inahesabu nini. Katika OpenVZ ya zamani, mfumo wa makontena uliotangulia Docker, kikomo cha privvmpages kilihesabu kumbukumbu iliyoombwa hata kama haijatumika, kwa hiyo programu za Java zilikataa kuwaka huku seva ina nafasi tele, na ushahidi pekee ulikuwa safu ya failcnt (idadi ya maombi yaliyokataliwa) ndani ya /proc/user_beancounters. Cgroup, sehemu ya keneli ambayo Docker huitumia kuweka vikomo, huhesabu inayotumika kweli, lakini hujumlisha na akiba ya faili (nakala za faili zilizowekwa kwenye kumbukumbu), ambayo keneli inaweza kuitwaa tena wakati wowote; basi usishtuke grafu ikigusa 512.

kontena_tupu
Mimi napendelea kubana. Cgroup toleo la 2 ina memory.high, ambayo ikivukwa kontena hupunguzwa kasi na kurasa zake za kumbukumbu kurudishwa kwa keneli, bila kuuawa, na juu yake unaweka memory.max kama ukuta wa mwisho. Ukiwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux), ni MemoryHigh na MemoryMax.

zamu_ya_usiku
Hapo sikubali moja kwa moja, ndugu. Kontena linalovuja likibanwa hujikokota kwa saa kadhaa bila kufa, na kengele inayongoja kifo hailii kamwe. Anayebana hana budi kufuatilia hesabu ya high (mara ngapi mpaka huo umevukwa) katika faili la memory.events.

fundi_seva
Nimewaelewa. Makontena 20 kwa megabaiti 512 ni gigabaiti 10 tu, kwa hiyo nafasi ipo. Naanza na kikomo kigumu.

mzee_wa_openvz
Basi andika pia --memory-swap. Ukitaja --memory=512m peke yake kwenye seva yenye swapu (sehemu ya diski inayotumika kama kumbukumbu ya ziada), Docker huliongezea kontena swapu ya kiasi hicho hicho, na jumla inakuwa gigabaiti moja. Java nayo, kuanzia toleo la 10, husoma kikomo cha kontena na kwa kawaida hujipimia robo tu kwa ajili ya heap (eneo la data za programu), yaani megabaiti 128. Hiyo itajie kikomo chake yenyewe.