Ushauri wakuu: mbwa mwitu wa huku Marekani wananimalizia mbuzi

BeberuMweusi
Wakuu, habari za majukumu. Niko Marekani mwaka wa 9 sasa, majimbo ya kaskazini kwenye baridi kali. Nafanya kazi kiwanda cha jibini, na miaka mitatu iliyopita nilinunua ekari 14 nikaanza kufuga mbuzi. Wateja wangu ni Wasomali na Wakongo, Idi ikikaribia simu hailali. Sasa kuanzia Agosti hadi wiki mbili zilizopita mbwa mwitu wamenilia mbuzi 7. Wengine hata hawawali, wanararua tumbo na kuondoka. Mke wangu usiku hatoki hata kufuata kitu kwenye gari. Je, ninunue mbwa wa kulinda, niuze mbuzi wote, au kuna njia nyingine? Matusi sitaki. Natanguliza shukrani.

Kijana wa Mbagala
Mbwa Mwitu, lile genge la vibaka, si tulishamalizana nao hapa Dar enzi zile? Kumbe walipata viza 😂😂

Mama Nasra
Pole sana mdogo wangu. Mimi nimefundisha Simanjiro miaka sita, najua uchungu wa mifugo. Fisi alikuwa anaingia kwa mwalimu mkuu kama anaingia kwake. Tukamshauri aweke uzio wa waya na miti hai kama majirani zake Wamasai, akasema gharama. Siku fisi alipombebea kondoo wa sherehe ya mahari ndipo alipokuja kukopa kwangu elfu arobaini ya waya. Waya alinunua. Elfu arobaini sijaiona mpaka leo.

Nzige Mkavu
Watu wanauza viwanja wapate nauli ya Marekani, kumbe wanaenda kuchunga mbuzi. Si ungebaki Dodoma?

Mtunza Kamusi
Tusaidiane kidogo. Mbwa mwitu wetu wa Ruaha na Selous ana madoadoa, masikio ya duara na vidole vinne tu mguu wa mbele. Huyo wa kwako ni mnyama mwingine kabisa, wolf kwa Kiingereza, ni ukoo mmoja na mbwa wa nyumbani. Kiswahili kimewapa jina moja, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Mswahili wa Duluth
Mkuu, mimi niko Minnesota, hili nalijua. Uko jimbo gani? Mengine yote yanategemea hapo. Idaho na Montana, Congress (bunge la nchi) iliwatoa mwaka 2011 kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka wanaolindwa na sheria ya 1973, jimbo ndilo linalowasimamia na watu wanawinda. Minnesota bado wamo ila kwa daraja la chini kidogo, mfugaji akishambuliwa maafisa wa serikali kuu wanaweza kuja kumtega na kumuua mhusika. Oregon ndiyo kichekesho: mashariki mwa barabara kuu za 395, 78 na 95 sheria ni ya jimbo, ukivuka upande wa pili huyohuyo mnyama ni wa serikali kuu.

BeberuMweusi
Jimbo si hoja mkuu, mbuzi ni mbuzi popote. Nimeuliza kuhusu mbwa wa kulinda.

Mulongo wa Boise
Jambo bandugu. Mimi niko hapa Idaho, ni Mukongo wa Uvira. Huku hawa banyama walirudishwa 1995 na 1996, walitolewa Kanada, 35 wakaachiwa porini. Sasa wamekuwa wengi mpaka 2021 bunge la jimbo likafuta kikomo cha vibali, mtu anakata vingi anavyotaka. Boss wangu anapiga na hakuna anayemuuliza. Njoo Idaho ndugu.

Mswahili wa Duluth
Mulongo, usimponze. @BeberuMweusi anayeficha jimbo anajua jibu lake.

BeberuMweusi
Haya, Wisconsin. Lakini jirani yangu, mzee wa kizungu aliyezaliwa hapahapa, amenihakikishia walishatolewa kwenye orodha. Yeye mwenyewe alipiga mmoja 2021 kwa kibali cha jimbo, na ngozi iko ukutani kwake nimeiona.

Mswahili wa Duluth
Mzee wako hasemi uongo, kalenda yake tu ndiyo imesimama. Waliondolewa kwenye orodha Januari 2021. Februari jimbo likafungua msimu, wawindaji wakapangiwa 119. Ndani ya siku zisizofika tatu walikuwa wameshaua 218! Tarehe 10 Februari 2022 jaji wa California akawarudisha. Kwa hiyo bunduki ileile, shamba lilelile, mwaka mmoja ni uwindaji na mwaka unaofuata ni jinai. Wisconsin leo unaruhusiwa kuua kama anahatarisha maisha ya mtu. Mbuzi si mtu. Ukimuua kwa kukusudia ni faini hadi dola 50,000, au jela hadi mwaka mmoja, au vyote.

Na kitu kingine: jimbo linalipa fidia. Ni kama kifuta jasho cha kwetu, tofauti ni kwamba hiki kinafika. Unapiga simu mapema, mkaguzi anakuja, anaangalia alama za meno kwenye mzoga. Mizoga yako iko wapi?

Halafu umeandika "hadi wiki mbili zilizopita". Wiki mbili zilizopita kulitokea nini?

BeberuMweusi
Mizoga nilifukia, ilikuwa inanuka.

Karani wa Houston
Jibu swali la pili.

BeberuMweusi
Ok. Nilimpiga. Saa kumi alfajiri, alikuwa ameshamshika mbuzi mwenye mimba. Jirani ndiye aliyeniazima bunduki, akaniambia huku wazee wana msemo wao: piga, fukia, nyamaza. Sasa wakuu mlitaka nifanye nini, nimpigie makofi? Yule mbuzi nilimnunua dola 300. Na tangu siku ile hakuna aliyerudi, kwa hiyo ilisaidia. Tatizo ni kwamba alikuwa na kola ya redio shingoni. Na mwezi ujao nina usaili wa uraia.

Mama Nasra
Uraia!! Mdogo wangu, ulianza na habari ya kununua mbwa.

Karani wa Houston
Mimi nasaidia watu kujaza hizo karatasi. Fomu ya N-400, ile ya kuomba uraia, haiulizi tu kama umewahi kukamatwa. Inauliza kama umewahi kutenda kosa lolote ambalo HUKUKAMATWA. Ukisema hapana umeongopa kwa kiapo, ukisema ndiyo umejishtaki. Tafuta wakili wa jinai anayejua uhamiaji, kesho, kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Na acha kuandika hapa.

Mswahili wa Duluth
Kola iko wapi? Nyingi zikikaa bila kutikisika kwa saa kadhaa zinabadili mlio, wanajua mnyama amekufa.

BeberuMweusi
Hilo nililifikiria. Nimemvalisha beberu, inatembea shambani kutwa.

Kijana wa Mbagala
😂😂😂😂 Hapana. Umetunga, hii ni chai, tena ya tangawizi. Serikali ya Marekani imeweka redio, inaona mbwa mwitu analala zizini na kula majani?

Nzige Mkavu
Nilijua tu. Nimefukua nyuzi zake. Mwaka juzi huyuhuyu aliuliza humu bei ya bodaboda iliyotumika Kahama. Mfuga mbuzi wa Wisconsin anataka bodaboda ya Kahama? Weka picha ya beberu na kola.

BeberuMweusi
Bodaboda ilikuwa ya mdogo wangu. Na picha siweki, mmesikia wenyewe ninavyoambiwa.

Nzige Mkavu
Kila muuza chai ana mdogo wake.

Mtunza Kamusi
Hata kama ni chai, kuhusu sheria Duluth kasema kweli. Mtoto wa dada yangu anasoma Madison, hukohuko Wisconsin.

Nzige Mkavu
Mtoto wa dada yako anamfahamu beberu?

Mswahili wa Duluth
Chai au si chai, anayesoma na ana mbuzi: chukua mbwa wakubwa wa ulinzi, wasipungue wawili, mmoja analiwa. Kamba yenye bendera nyekundu kuzunguka zizi inawatisha kwa muda. Mbuzi walale ndani. Na mzoga usifukie, wengine wataufukua wafanye karamu na ushahidi wako umekwenda nao. @BeberuMweusi umeongea na wakili?

Karani wa Houston
@BeberuMweusi??

Mulongo wa Boise
Ndugu, mimi nauliza tu. Mbuzi dume wa kilo kama 40 unamuuza bei gani? Tuna ndoa ya binti hapa mwezi wa sita.

BeberuMweusi
280 ukija na gari yako. Ukichukua watano napunguza. Njoo inbox.